Moja Iliyobaki Katika Milioni

Tk. Tk. Tk-tk. Mpaka leo nikinyamaza kidogo nazisikia: tasbihi za wanawake kumi na watatu zikigonga ndani ya sebule moja iliyofungwa madirisha. Za plastiki zilikuwa na sauti ya kitoto, za mbao zilikwenda taratibu, na ile ya kioo ya mama mwenye parseli ilikata kali kuliko zote, kana kwamba hata Mungu alitakiwa ajue nani mwenye nyumba.

Nilikuwa na miaka kumi na minne na shule yetu ilikuwa imefungwa. Niliishia darasa la sita. Wenzangu walilia kwa sababu ya marafiki, mimi nililia kwa sababu tulikuwa ndiyo kwanza tumefika kwenye hesabu tamu. Ndoto yangu wakati ule ilikuwa kusema hesabu redioni, asubuhi, baada ya habari, ili watu wakishasikia wangapi wamekufa wasikie pia kitu ambacho ni kweli na hakimuumizi mtu. Bibi yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Basi utangaze pia bei ya makaa."

Tulikaa Buyenzi, mtaa wa mji mkuu wa Burundi, mimi na bibi, chumba kimoja katika parseli, kiwanja chenye vyumba vingi vinavyotazamana. Uani kulikuwa na bomba moja, jiko moja la pamoja na kamba za nguo. Vita ilipofika mjini, parseli yetu ilijaa. Kulikuwa na siku za ville morte, mji uliokufa, vijana walipofunga njia zote na hakuna aliyethubutu kwenda Rohero kazini wala sokoni. Siku hizo tulikaa ndani tukisikiliza milio, tukikisia ni mtaa gani.

Ndipo mama mwenye parseli, mjane mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alipotoa nadhiri mbele ya wanawake wote: tutasoma uradi wa "Yaa Latifu" mara milioni moja, ili parseli yetu ipite salama. Na akaweka sharti. Kila mwanamke abebe sawa na mwenzake, asiwepo wa kuja kujisifu kesho kwamba dua ilipokelewa kwa kinywa chake. Wakatafuta mtu wa kugawa. Bibi akanisukuma mgongoni.

Katika hao kumi na watatu alikuwemo mama mmoja aliyetoka Cibitoke. Alikimbia na binti yake mdogo mgongoni na kibegi kimoja, bibi akamkuta amekaa kwenye ukuta wa msikiti, akamleta chumbani kwetu. Alikuwa Mkristo. Kabila lake sitaliandika hapa. Wakati ule kila mtu alikuwa akiuliza kabila, na mimi nilichoka na swali hilo nikiwa bado mtoto. Alikuwa anajua kusuka nywele na kutwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka iwe laini kama dawa, na alipokuwa akitwanga alimwimbia binti yake kwa Kirundi polepole, asisikike barabarani.

Aliposikia habari ya uradi alimuuliza bibi, "Iyo Latifu maana yake nini?"

"Ni jina ya Mungu. Mpole."

"Mpole?" Akaacha mchi. "Uyo mi niko namutafuta siku nyingi. Nipe na mi tasbihi."

Bibi akampa yake ya akiba, ya mbao. Hakuna aliyepinga. Mama mwenye parseli mwenyewe alisema, "Kinywa ni kinywa." Nayakumbuka maneno hayo vizuri sana.

Nikachukua kipande cha kaa, nikagawa milioni kwa kumi na tatu kwenye sakafu ya saruji. Kila mmoja 76,923. Imebaki moja.

"Imebaki moja," nikasema.

"Iyo nitameza mi," bibi akajibu, wanawake wakacheka, tasbihi zikaanza.

Sasa nieleze jambo la parseli yetu, maana bila hilo hutaelewa hasira yangu. Kwetu kila kitu kiligawanywa. Nyama ya Idi iliwekwa mafungu uani, chumba kwa chumba, kwa macho ya wote. Ikitokea kipande kimebaki hakina mwenyewe, wakubwa walisema kuna mtu kati yetu ambaye riziki yake imekataliwa, na hapo msako ulianza. Nani kamtukana jirani? Nani kachota maji kabla ya zamu? Mara nyingi mmoja alikubali kosa dogo, akazomewa, akapewa kile kipande akile mbele ya watu, ikaisha kwa kicheko. Nilipenda sana mchezo huo. Sikuwahi kufikiri kwamba mchezo unaweza kuota meno.

Hatukufika mbali na uradi ule wa kwanza. Guruneti lilitupwa mtaa wa pili, na katika wiki hiyo wanawake sita walifunga virago: wengine Uvira, wengine Kigoma kwa ndugu. Tukabaki na saba. Mama mwenye parseli akasema nia ya kundi imevunjika, lazima tuanze upya. Nikaitwa tena na kaa langu.

Milioni kwa saba. Nilifurahi kabla sijamaliza, maana tarakimu zilikuwa zinatoka kwa mwendo wa ngoma: 142,857. Nikaangalia chini. Imebaki moja.

"Moja," nikasema, nikitabasamu kama mjinga.

Hakuna aliyecheka.

"Tena moja?" mama mwenye parseli akauliza.

"Tena moja, mama."

"Tulikuwa kumi na tatu, moja. Tuko saba, moja. Sasa iyi moja inatufuata sisi wote, ao inafuata mutu?"

Hakuna aliyemtazama mama wa Cibitoke. Walitazama mikeka, kucha zao, dari. Ndivyo walivyomnyooshea kidole wote kwa pamoja, bila kuinua mkono.

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mama, kama ni mi, useme tu."

"Mi sijataja jina ya mutu. Namba ndio imesema." Akaweka tasbihi yake ya kioo mapajani. "Ijumaa tunaanza. Mbele ya Ijumaa parseli iwe safi."

Namba imesema! Mimi ndiye niliyeiandika ile namba, kwa mkono wangu, kwa kaa la jiko letu, na nilijua haikusema lolote juu ya mtu yeyote. Milioni haina habari nani Mkristo nani Mwislamu. Haijui Cibitoke ni wapi. Na sasa mama mwenye mtoto asiyejua hata kutembea vizuri anatolewa nje, katika mji ule, siku zile, na anayetajwa kuwa shahidi ni hesabu yangu.

Nililala na hesabu. Niliamka nayo, nikapika uji nayo, uji ukaungua. Ukuta wa jiko ulikuwa mweusi kwa moshi upande mmoja na mweupe upande mwingine, na ule mweupe niliujaza. Sikuwa na mwalimu wa kumuuliza, kwa hiyo nilifanya kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea: nilijaribu kila mahali. Milioni kwa tatu, imebaki moja. Kwa tisa, moja. Kwa kumi na moja, moja. Kwa ishirini na moja, moja. Kwa thelathini na saba, ambayo niliichagua kwa hasira tu kwa sababu ni mbaya ya sura, imebaki moja! Nikagawa kwa tisini na tisa, idadi ya punje za tasbihi yenyewe. Mizunguko 10,101, imebaki moja. Yaani hata mtu angekaa peke yake msikitini na tasbihi yake takatifu, asiwepo mgeni wala jirani, mwisho wa yote moja ingemsubiri.

Nikaona kwamba nilikuwa naangalia namba isiyohusika. Ya kuangaliwa ni jirani yake wa nyuma, 999,999. Huyo ndiye anayegawanyika. Nilimvunja vipande mpaka asivunjike tena, nikapata tatu na tatu na tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu, thelathini na saba. Zizidishe zote zinarudi kuwa yeye. Na milioni nilipoivunja nikakuta mbili zipo sita na tano zipo sita, basi. Hakuna kitu kingine mle ndani. Namba mbili zimepakana ukuta kwa ukuta, kama vyumba vya parseli yetu, na hakuna ufunguo hata mmoja unaofungua zote mbili. Ukiwa na watu saba, au kumi na tatu, mlango unaofunguka ni wa jirani, na milioni inabaki nje na moja yake mkononi. Itakuwa hivyo kesho. Ilikuwa hivyo kabla ya Burundi kuwa na jina.

Na ile 142,857, naomba mniruhusu nipumue kidogo, kwa sababu hata katika hasira ile nilicheka peke yangu jikoni. Izidishe kwa mbili: 285,714. Kwa tatu: 428,571. Ni tarakimu zilezile, zinashikana mikono na kuzunguka kama watoto uani, anayekuwa mbele tu ndiye anayebadilika. Inaendelea hivyo mpaka sita. Ukifika saba zote zinaacha kucheza, zinasimama tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa. Nilitamani kumkimbilia mtu nimwambie. Mtu pekee aliyekuwa karibu ni mama wa Cibitoke, amekaa anakunja nguo za mtoto wake. Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishika shavu.

"Ni kizuri," akasema. "Lakini binti yangu, uyu mama mwenye nyumba hana shida na hesabu."

Sikumwelewa. Nilidhani ukweli ukishaandikwa ukutani umekwisha kazi yake.

Alhamisi mchana niliwaita wote sita waje jikoni, mama mwenye parseli akiwemo. Walikuja, maana hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikawaonyesha ukuta.

"Ona mama, tulipokuwa kumi na tatu imebaki moja. Sasa mutoe uyu mama wa Cibitoke. Kumi na mbili. Inabaki nne! Saba inabaki moja, mutoe, mubaki sita, inabaki nne pale pale. Si yeye aliyeleta masazo. Bila yeye yanaongezeka."

"Eeh, profesa wa makaa," akasema mama mwenye parseli. "Ukuta wangu nani ataupaka chokaa?"

"Nitaupaka mi. Lakini angalia mama. Mukiwa nane, haibaki kitu. Kila mutu laki moja na ishirini na tano elfu, kamili, sifuri chini. Hatuna haja ya kutoa mutu. Tunahitaji kuongeza. Niwekeni mi, wa nane."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo siku nzima. Nilidhani patakuwa na vigelegele. Fundi cherehani wa chumba cha kona, ambaye nilimpenda kwa sababu alinipa vipande vya vitenge, alifungua mdomo aseme kitu, akamtazama mwenye nyumba, akaufunga.

"We?" Mama mwenye parseli akacheka. "We ambaye swala ya alfajiri unaamushwa na maji? Mutoto haingii kwenye nia ya wakubwa."

"Kinywa ni kinywa," nikasema. "We mwenyewe ulisema."

Uso wake ulibadilika, na nilichokiona pale hakikuwa hasira. Lakini akageuka, akavuta kanga yake, akasema akiwa ameshatupa mgongo, "Hesabu ya shule haimujui Mungu. Ijumaa ni kesho."

Nilimkimbilia bibi. Yeye ndiye aliyemleta yule mama, yeye ndiye aliyetoa tasbihi. Nilimkuta amesharudi kupepeta mchele, na hakuinua macho.

"Bibi, sema kitu!"

"Niseme nini?"

"Kama hesabu ni kweli!"

"Hesabu ni kweli, mutoto wangu. Nyumba si yetu." Akapepeta tena. Kisha akaniambia kwa sauti ya ndani ya koo: vijana wa bariyeri, wale wa kufunga njia, walimsimamisha mama mwenye parseli akitoka sokoni. Walimuuliza anamficha nani kule kwake. Walijua mpaka rangi ya kitenge cha yule mama.

Basi. Mwenye nyumba aliogopa. Hilo ndilo nililoliona usoni mwake.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na nimejitahidi kuwa mtu wa haki. Mimi pia niliogopa, kila mtu aliogopa, mbwa wa mtaa waliogopa. Angetuita uani akasema, "Wanangu, wameniuliza, naogopa, sijui nifanye nini," ningemkumbatia. Tungelia pamoja na pengine tungepata njia, maana parseli ile ilikuwa na akili nyingi. Hakusema hivyo. Alichukua woga wake akauvika kanzu, akaupa tasbihi, akautuma useme kwa sauti ya Mungu, kisha kwa sauti ya namba. Na mwanamke akaondoka akibeba woga wa mwenzake pamoja na aibu ambayo haikuwa yake, kana kwamba kweli kuna kitu ndani yake kinachokataa kugawanyika. Hilo sijalisamehe. Nikikutana na mtu anasema "takwimu zinasema" au "namba hazidanganyi," damu inanipanda mpaka leo. Namba hazidanganyi, sawa. Nani kazishika?

Ijumaa asubuhi njia zilikuwa wazi. Mama wa Cibitoke alisema ana binamu Kajaga anayeanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, atamjaribu huyo. Alimfunga mtoto mgongoni. Ile tasbihi ya mbao alimrudishia bibi kwa mikono miwili, bibi akaikataa, akairudisha tena, wakavutana nayo kidogo kama watu wanaovutana bili hotelini, mpaka mama yule akaiweka juu ya mtungi. Wanawake wengine walikuwa vyumbani mwao. Pazia za milango zilikuwa zinatikisika na upepo haukuwepo.

"Ukifika redioni," akaniambia, "useme ile ya watoto wanaozunguka." Ni mimi niliyemwambia ile ndoto, naye hakuicheka.

Mchana nikaitwa kugawa. Sita. Niliandika polepole, kwa sauti, ili kila mtu asikie. 166,666 kwa kila mmoja.

"Imebaki nne," nikasema, nikamtazama mama mwenye parseli usoni kabisa. Bibi alinikanyaga mguu.

"Nne?" Akafikiri. "Nne si neno. Nne ni halali. Hata wake wanaishia wanne."

Wakacheka. Wallahi walicheka, wote, hata fundi cherehani, kicheko cha watu walioshushiwa mzigo. Moja ilikuwa laana, ilitosha kumtoa mama na mtoto barabarani, lakini nne ilikuwa ya kuchekwa na kupitwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata ningekuja na ukuta wa marumaru ulioandikwa kwa dhahabu, hesabu yangu isingemweka yule mama ndani siku moja zaidi. Alikuwa ameshatolewa kabla sijashika kaa. Sijawahi kujisikia mdogo hivyo, na sijawahi kuipenda hesabu hivyo pia, kwa sababu katika parseli nzima ile ndiyo pekee ambayo haikugeuka.

Walisoma. Lazima niseme kweli, walisoma kwa bidii, wiki baada ya wiki, wakipika, wakifua, wakijificha chini ya vitanda. Bibi alisoma mpaka sauti ikakauka. Na parseli ilipita salama wakati ule, hakuna aliyeguswa, na mama mwenye parseli akalitaja hilo kila siku kama mtu anayeonyesha risiti.

Siku ya kufunga uradi walipika pilau. Ilikuwa na nyama kidogo, kutoka sijui wapi. Wanawake wakakaa duara sebuleni, mama mwenye parseli akainua mikono, akaomba: Ya Rabi, pokea milioni hii kutoka kwetu, milioni kamili, isiyopungua.

Haikuwa milioni. Sita mara 166,666 ni 999,996. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu, na kila mmoja wao alikuwa amelisikia kwa masikio yake. "Amina," wakasema. "Amina, amina." Nilifunga mdomo. Bibi akanitupia jicho, nikaufunga zaidi.

Nilitoka na sahani chafu kama ninakwenda kuosha. Nyuma ya jiko, kati ya ukuta na mabati ya bafu, palikuwa na nafasi ya mtu mwembamba mmoja. Nikajibana humo. Nikanuia kwa ajili ya mama wa Cibitoke, popote alipo, na kwa mtoto wake. Sikunuia kwa ajili ya parseli. Nikasema Yaa Latifu, kwa vidole, mara nne.